Maji Kinywani mwa Dorika

Dorika anakamua alizeti pale Mkiwa, nyuma ya njia panda, kwenye banda la bati. Mashine yake ikiwaka, hata wachungaji walioko bondeni wanajua leo kuna mafuta. Mimi nauza kuku wa kienyeji mbele ya banda hilo, kando ya barabara, kwa hiyo namjua kuliko dada zake wanavyomjua. Najua anavyofunga kitenge akiwa na hasira na anavyokifunga akiwa ameridhika. Najua pia anavyokataa. Dorika akikataa jambo hapandishi sauti. Anafuta mikono yake kwenye gunia, kidole kimoja kimoja, halafu anarudi kazini, na wewe uliyekuja kuomba unabaki umesimama na maneno yako.

Naandika haya kwa kinyongo na sina haja ya kukificha. Kuna kampuni ya simu iliyomwibia mama huyu sauti yake, na kuna shemeji yake aliyeipokea sauti hiyo ya wizi akajipamba nayo. Nataka wote wawili waisome habari hii. Shemeji anajua kusoma. Kampuni sijui, labda itasomewa na mashine yake, maana siku hizi mashine ndiyo inayofanya kila kitu huko kwao, hata kuwa na utu.

Nianze na shemeji. Anaitwa Melkiori, kaka mkubwa wa marehemu Naftali, mume wa Dorika. Analima vitunguu, ana gari la mizigo, na anatembea kama mtu aliyeijenga barabara kwa fedha zake. Mwaka wa msiba, Naftali aligongwa na nyoka, kifutu, shambani akiwa anakata vichwa vya alizeti. Dorika alikimbia mpaka kwa Melkiori, akalikuta gari linanguruma, limejaa vitunguu vya kwenda Dodoma. Hospitali iko upande wa pili, upande wa Singida. Dorika akapiga magoti kwenye vumbi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemfuata mbio. Melkiori akasema akigeuza gari sasa hivi atalikosa soko, vitunguu havina subira, tutafute pikipiki. Akafunga kioo, akaondoka.

Pikipiki hatukuipata. Tulimpandisha Naftali kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara kuu, na pale pale, tukiwa tunapungia kila gari linalopita, akafia mapajani kwa mkewe.

Tangu siku hiyo Dorika hakumsemesha Melkiori. Hakumtukana, hakumloga, hakumshitaki popote. Alimnyima neno. Wakikutana kanisani anasalimia watu wote kwa jumla, na Melkiori achukue fungu lake humo humo kama anaweza. Watu walimwambia asamehe ili apumzike. Akawajibu kwamba anapumzika vizuri tu, anayehangaika ni mwingine.

Na kweli Melkiori alihangaika. Ukoo wao una utaratibu wa kusameheana ambao ni wa zamani kuliko kanisa letu. Mkosaji anasimama mbele ya watu, anavua shati, anataja kwa kinywa chake alichokifanya. Aliyekosewa akiridhika anatamka kwamba amesamehe, kisha anavuta maji mdomoni kutoka kwenye kibuyu na kumtemea kifuani. Maji yakimgusa, jambo limeisha na hakuna wa kulifufua. Asipotemewa, mtu huyo atakula na wenzake, atazika na wenzake, lakini nyumba aliyoikosea hawezi kukalia kiti chake. Hata ikija siku ya kupokea mahari ya binti wa nyumba hiyo, atakaa pembeni na watoto.

Siku hizi watoto wa ukoo wametawanyika. Mmoja yuko Rungwa anarina asali, mwingine yuko Mwanza, wengine hata hatujui wanakula wapi. Kwa hiyo Mzee Hosea, mkubwa wao, aliwakusanya wenzake wakakubaliana kwamba neno la msamaha linaweza kuja kwa simu, mradi sauti ijulikane ni ya nani. Maji yatafuata siku watu watakapokutana. Tulimsifu sana mzee kwa busara hiyo. Hakuna aliyewaza kwamba sauti ya mtu inaweza kusema jambo na mwenyewe hayumo.

Sasa Pendo, binti pekee wa Dorika na Naftali, akapata mchumba. Pendo anauza kwenye duka la dawa Utemini, mjini Singida, na mchumba wake Stanley ni kijana wa Kiomboi, mpole, anayecheka kwa haya. Siku ya mahari ikapangwa. Kiti cha kupokelea mahari kipo: Naftali alikichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, na tangu afe hakijakaliwa. Kwa desturi kaka mkubwa wa marehemu ndiye anayekikalia. Melkiori alikitaka kiti hicho kwa roho yake yote, maana asipokikalia, wageni wa Kiomboi watauliza sababu, na wataambiwa. Dorika alitaka jambo moja tu, kwamba mtu aliyemwacha Naftali barabarani asikae kwenye kiti cha Naftali.

Mambo yalikuwa yamesimama hapo simu ilipoingia kati.

Simu hiyo Pendo ndiye aliyemnunulia mama yake. Dorika hapendi kuandika, mikono yake ina mafuta kutwa nzima, kwa hiyo yeye hutuma ujumbe wa sauti. Wateja wa Manyoni, wa Itigi, wa Ikungi, wote anawajibu kwa sauti yake ile nzito yenye kukwaruza kidogo. Siku moja asubuhi tukakuta simu zetu zimejibadilisha zenyewe, yake na yangu. Kilikuwa kimeingia kitu kinaitwa Mwenzako. Kilijitambulisha kwa maneno matamu: kitatusaidia kujibu ujumbe tukiwa na shughuli, kitatuondolea usumbufu. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa "Tuanze", kingine "Baadaye". Cha kukataa hakikuwepo. Tukawa tunabonyeza "Baadaye" kila siku, na kila siku kinarudi na tabasamu lake, mpaka siku moja kikaacha kuuliza. Tukadhani kimechoka. Kumbe kimeshaanza.

Kwangu kilianza kwa kuipamba picha ya majogoo yangu niliyomtumia mteja wa Manyoni. Kikayanenepesha, kikayang'arisha mikia. Mteja akafika, akayatazama yale majogoo yangu halisi, akaniita tapeli mbele ya abiria wa basi zima. Mimi ninayemwambia mteja hata kuku akiwa anachechemea. Nilikasirika, lakini hasira yangu ilikuwa ya kuku. Ya Dorika ilikuwa ya mume.

Melkiori alimtumia ujumbe wa sauti, kama alivyowahi kufanya mara nyingi bila kujibiwa. "Shemeji, yaliyopita tuyaache, naomba unisamehe, mtoto wetu anaolewa." Dorika alikuwa ndani ya banda, mashine inapiga kelele, mashudu, yale makapi ya alizeti, yanatoka, simu iko juu ya dumu. Hakusikia kitu. Alipozima mashine akaja kukaa kwangu kivulini, akafungua simu, akaona maandishi: Mwenzako amekujibia. Gusa usikilize. Akagusa.

Ikatoka sauti yake. Nisieleweke vibaya, haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake, na mkwaruzo wake, na ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya jambo zito. Ikasema: "Asante sana shemeji kwa ujumbe wako mzuri. Nimekusamehe kwa moyo wote. Tusonge mbele pamoja kama familia."

Nilimwangalia Dorika mdomo. Ulikuwa umefumba.

"Mama Edward," akaniambia, maana mwanangu wa kwanza ni Edward, "umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Mimi nimesema hayo lini?"

Nikamwambia hajasema. Akaigusa tena, akaisikiliza tena mpaka mwisho, kisha akaiweka simu chini kwenye mchanga, mbali kidogo na miguu yake. Nimemwona Dorika akizika, sikumwona amevunjika namna ile. Jambo alilomnyima Melkiori miaka yote, jambo pekee alilobaki nalo la kumpa au kumnyima mtu, lilikuwa limetolewa bure na watu ambao hata Mkiwa hawajui iko wapi.

Kabla ya jua kuzama Melkiori alikuwa ameshazunguka kwa kila mzee wa ukoo na simu yake mkononi. Mzee Hosea akasikiliza, akaitambua sauti, akasema neno limetoka, limebaki maji tu, na yatatemwa siku ile ile ya mahari, wageni waone. Dorika akaenda kwake, akamwamkia, akamweleza kwamba si yeye aliyesema. Mzee akainamisha kichwa.

"Mkwe wangu," akasema, "sauti yako naijua toka ulipoletwa hapa. Nimeisikia kwa masikio yangu. Kama umesema ukajuta, niambie umejuta. Usiniambie hukusema."

Hapo ndipo mtego ulipombana. Kwenye ukoo ule ukitoa neno halafu ukanyima maji, unaitwa mwenye ndimi mbili, na jina hilo haliishii kwako, linamfuata binti yako huko anakoolewa. Hata Pendo alipiga simu kutoka Utemini.

"Mama, kama umeshamsamehe, mtemee tu hayo maji, siku ipite."

"Na wewe umeisikia hiyo sauti?"

"Baba mkubwa amenitumia."

"Ukaonaje?"

"Ni wewe, mama."

Dorika akakata simu bila kuaga. Alitoka bandani akaenda kusimama kwenye korongo nyuma ya shamba la alizeti, na sikumfuata. Wazee wakiamini ni jambo moja. Mtoto uliyemzaa na kumbembeleza kwa sauti hiyo hiyo akiamini, hilo linauma mahali pengine.

Kesho yake tukapanda basi kwenda Singida mjini, kwenye duka la kampuni. Kuna viti vya rangi, kuna baridi ya kiyoyozi, kuna picha ya mama anayecheka na simu yake, meno yote nje. Kijana wa mezani anaitwa Fredrick, amevaa fulana yenye maneno "Mwenzako yupo".

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mwingine."

"Marahaba. Mwanangu, nataka unitolee hiki kitu."

Fredrick akaichukua simu, akaipapasa papasa. "Hii haitoki, mama. Ni akili mnemba, imekuja na mfumo wenyewe. Wateja wanaipenda sana."

"Mimi ni mteja. Siipendi."

"Utaizoea."

"Imesema kwa sauti yangu jambo ambalo sijasema."

"Ndiyo uzuri wake hasa," akasema Fredrick, na nakiri kwamba hapo nilitafuta kitu cha kushika. "Imejifunza sauti yako kwenye zile voisi zako. Mtu hawezi kujua."

"Nani aliwapa sauti yangu?"

Akatuonyesha kwenye kioo maandishi madogo kama mayai ya chawa, akasema tulikubali. Tulikubali vipi? Kwa kuendelea kutumia simu. Nikamuuliza kama kwao mtu akiendelea kulala nyumbani kwake amekubali kuibiwa. Akacheka, akadhani ninatania. Akatupa namba ya kulalamikia. Tukapiga pale pale. Ikapokelewa na sauti laini ya kike, ikatuambia jina lake ni Mwenzako na inafurahi kutuhudumia.

Dorika hakupandisha sauti. Alimuuliza Fredrick swali moja tu. "Kwa hiyo mimi nifanye nini kisinijibie?"

"Wewe jibu haraka, mama. Ukikaa kimya kidogo tu, yenyewe inajibu. Kwa yeyote yule. Huwezi kuizima, lakini unaweza kuizoea."

Njiani kurudi alikaa dirishani bila kuongea, mimi nikaongea kwa niaba ya wote wawili, nikailaani kampuni ile na vizazi vyake. Tulipopita Ikungi akanigusa goti.

"Mama Edward. Nitukane."

"Nikutukane kwa lipi?"

"Kwa simu. Nitukane vibaya."

Nikashika simu, nikamtumia sauti. Nilimwambia ni mchawi, mafuta yake yana maji, na usiku nimeiba ng'ombe wake wote nikawauza. Abiria wa mbele akageuka kunitazama. Dorika akaweka mikono juu ya mapaja, akafunga mdomo, akasubiri. Simu yangu ikalia. Nikaiweka sikioni, nikaisikia sauti ya Dorika, aliyekaa ubavuni mwangu amefumba mdomo, ikiniambia: "Usijali rafiki yangu. Kila mtu hukosea. Nimekusamehe kwa moyo wote."

Nikampa naye asikilize. Ndipo nikaona tabasamu, dogo, la upande mmoja wa mdomo. Sijawahi kuliogopa tabasamu la mtu kama siku ile.

"Basi tukiache kiongee," akasema.

Tukakiacha. Melkiori, mtu aliyenyimwa neno miaka nenda rudi, sasa alipata maneno kama mvua. Anatuma asubuhi, anajibiwa. Anatuma jioni, anajibiwa. Akiuliza shemeji anaonaje akivaa suti, sauti inamwambia atapendeza. Akiuliza kama achinje ng'ombe au mbuzi, sauti inasifu ukarimu wake. Dorika alikuwa anaendelea na alizeti zake, simu juu ya dumu, hagusi. Melkiori akavimba. Alialika watu wa kanisani, akaalika wafanyabiashara wenzake wa vitunguu mpaka wa Dodoma, akawatumia wageni wa Kiomboi ile sauti ya msamaha wasikie jinsi familia ilivyopatana. Kadiri alivyoalika ndivyo mimi nilivyofurahi. Nilitaka wawe wengi. Nilitaka wasiokuwa na viti wasimame.

Siku ikafika. Uwanja wa nyumba ya Naftali ulifagiliwa tangu alfajiri, turubai likafungwa, togwa ikamiminwa kwenye ndoo. Kiti cha mninga kiliwekwa katikati, na mbele yake, juu ya mkeka, kibuyu cha maji. Wageni wa Kiomboi walikaa upande mmoja, Stanley katikati yao akitazama viatu vyake. Melkiori alikuwa na suti ya kijivu. Kabla hata hajaitwa, mkono wake ulishaenda mara kwa mara kwenye mgongo wa kile kiti, anakipapasa. Dorika aliona. Alikuwa amevaa kitenge alichovaa siku ya mkokoteni.

Mzee Hosea akasimama, akaeleza kwa Kinyaturu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, kwamba kuna jambo dogo la nyumbani limalizwe kwanza. Melkiori akatoa simu, akaiinua juu, watu wote wakaisikia sauti ya Dorika ikisamehe kwa moyo wote. Kuna mama akapiga kigelegele. Melkiori akavua koti, akavua shati, akavikunja vizuri akampa mtu amshikie, akasimama mbele ya Dorika na kifua chake kipana.

"Taja," akasema Mzee Hosea.

"Ni zile tofauti za kifamilia," akasema Melkiori. "Mambo ya kutoelewana. Mungu ameshatuvusha."

Mzee hakupenda, nilimwona. Lakini neno lilikuwa limeshatangulia, akanyoosha mkono kwenye kibuyu. "Mama Pendo, maji."

Dorika akapiga magoti, akakiinua kibuyu, akavuta maji mpaka mashavu yakajaa. Akasimama. Watu wakasubiri atoe. Hakutoa. Akaitoa simu yake kiunoni, akaiweka juu ya kiti cha mninga mahali kila mtu anaiona, akarudi nyuma, akafumbata mikono. Kisha akanitazama.

Nikasimama. Nikasogeza simu yangu mdomoni, nikasema kana kwamba mimi ndiye Melkiori, kwa sauti ya kusikika mpaka walipofungwa ng'ombe wa mahari:

"Dorika, ni mimi. Mume wako aligongwa na nyoka, ukanipigia magoti, gari langu linawaka. Nikakwambia vitunguu havina subira. Nikafunga kioo, nikaondoka, Naftali akafia barabarani. Naomba unisamehe."

Nikatuma. Upande wa Kiomboi, mzee mmoja aligeuka polepole akamtazama Melkiori. Dorika alisimama pale pale, mashavu yamejaa, maji yanamchuruzika kidogo pembeni mwa mdomo, na watu wote wakawa wanautazama mdomo huo.

Simu yangu ikalia. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiinua.

"Asante kwa kunishirikisha jambo hili," ikasema sauti ya Dorika, tamu, nzito, na mkwaruzo wake. "Pole sana kwa changamoto hiyo ya vitunguu. Nimekusamehe kwa moyo wote."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa kigelegele alijifunika kanga usoni. Mzee Hosea alisogea mpaka mbele ya Dorika, akayatazama mashavu yake, akaitazama simu juu ya kiti, akaitazama iliyo mkononi mwangu. Akaomba nirudie. Nikarudia. Pendo akainuka kutoka kati ya mashangazi zake, akaja akasimama kando ya mama yake. "Mama," akasema. Dorika hakumjibu, maana alikuwa na maji, lakini alimshika mkono.

Mzee Hosea akamgeukia Melkiori. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hakuna neno lililotoka kwake. Tulidanganyika sote, na mimi wa kwanza. Lakini maji yako mdomoni mwake na watu wapo. Sema wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Huenda akakutemea."

Nataka ijulikane kwamba alipewa nafasi. Dorika alisogea mpaka mkono ungeweza kumfikia, akasubiri, na mimi ninayemjua niliona kwamba angeweza. Lingetoka neno moja la kweli pale, maji yangetoka. Nilimchukia Melkiori, lakini kwa dakika ile nilimwombea.

Melkiori akatazama wageni wake wa vitunguu. Akatazama suti yake mkononi mwa mtu.

"Vilikuwa vinaoza," akasema. "Kila mtu anajua vile vitunguu vilikuwa vinaoza."

Dorika akameza.

Tuliyasikia maji yakishuka. Aliyameza taratibu, yote, shingo ikipanda na kushuka, macho yake kwenye macho ya shemeji yake. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akachukua simu yake kutoka kwenye kiti, akaenda kukaa na wanawake.

Melkiori alibaki amesimama kifua wazi, mkavu, mbele ya watu wote aliowaalika yeye mwenyewe. Yule aliyeshika shati alimrudishia bila kumtazama. Akaenda kukaa mwisho kabisa, kwenye benchi la watoto, na wafanyabiashara wenzake wakagundua ghafla kwamba Dodoma ni mbali na wanapaswa kuwahi. Mzee Hosea akavuta kiti chake cha plastiki, akakiweka ubavuni mwa kile cha mninga, akapokea mahari ya Pendo hapo, na kiti cha Naftali kikabaki kitupu katikati ya shughuli, kila mtu akikizunguka kwa heshima. Nilikunywa togwa siku ile kuliko inavyofaa.

Mngedhani yameisha hapo. Juma lililofuata tulikuwa tumekaa kivulini, mashine imezimwa, simu ya Dorika ikalia. Melkiori alikuwa amemtumia matusi ya kila aina, ya kwake, ya mama yake, ya kaburini. Dorika akasikiliza mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya dumu, akakaa kimya. Mwenzako akajibu. Kwa sauti ya Dorika akamwambia Melkiori asante kwa kuwa muwazi, anauthamini sana uhusiano wao, na wazidi kuwasiliana.

Nilicheka mpaka kuku wakashtuka. Dorika hakucheka.

"Unacheka nini? Hiyo bado ni sauti yangu."

Ni kweli. Melkiori alivunjwa mbele ya watu, lakini wale wa kampuni hawakuguswa hata unywele. Wako huko waliko, wanakula kiyoyozi, na mkwaruzo wa koo la mama wa Mkiwa umo kwenye mashine zao pamoja na wa watu wengine ambao hata hawajui wameshasema nini. Fredrick ametutumia ujumbe kwamba mwezi ujao Mwenzako ataanza pia kupiga simu mwenyewe. Hakuuliza kama tunataka.

"Melkiori nimemalizana naye," akasema Dorika. "Hawa wengine watavua shati lini?"

Akainuka, akaenda ndani, akarudi na kile kibuyu cha siku ya mahari, akakitundika kwenye msumari mlangoni mwa banda, pale ambapo kila anayekuja kununua mafuta lazima akione. Mpaka leo kipo. Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine, anamwaga maji ya jana na kutia mengine. Nilimuuliza ya nini yote hayo, ikiwa hao watu hawatakuja.

"Wakija," akasema, "nataka yawe safi. Ni mimi nitakayeyameza."